Nani Ameonja?

Mwese, 9 Juni 2024

Dada Séverine,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku milimani tuzima, sijui nyie huko Kibaoni na joto lenu. Mke wangu Joséline anakusalimia, goti lake limepata nafuu tangu aache kuteka maji bondeni. Maharage yamekubali mwaka huu, gunia kumi na moja, ila lori lililokuja kuyachukua lilikwama mteremkoni siku tatu na dereva akala kuku wetu wawili akingoja kuvutwa. Vénérande, kitinda mimba wangu, ameingia darasa la kwanza na tayari anatufundisha sisi. Shemeji Celestin anaendeleaje na sukari yake? Mwambie soda aziache kwa watoto.

Habari kubwa ni kwamba binti yetu Monika ameposwa. Kijana ni fundi umeme wa Mpanda mjini, wazazi wake watu wa heshima. Ndoa ni tarehe 14 Septemba, hapa hapa kigangoni. Utakuja, na usiogope, hakuna atakayekupa mwiko. Tunajua dada yetu ndiye mwanamke pekee aliyetoka Mwese akaolewa bila kujua kusonga ugali, na mpaka leo anapikiwa na binti wa kazi.

Sasa jambo lenyewe, ambalo kwenye simu siwezi. Mtandao wetu unashika kwenye kichuguu cha shule tu, na pale kila mtu anangoja zamu yake huku akisikiliza ya mwenzake. Jambo ni Mama.

Mama anaonja chakula cha watu. Nyumbani alikuwa nayo tabia hiyo tangu sisi wadogo, unakumbuka, haruhusu mtu atie tonge mdomoni kabla yeye hajachota kidogo. Lakini ilikuwa ya nyumbani, tena alifanya kwa siri, kama anaangalia chumvi. Sasa aibu imemtoka. Amefunga kijiko cha bati kwenye pindo la kitenge chake na anakwenda nacho kila mahali. Sikukuu ya Pentekoste watu wamekaa kwa chakula, yeye akainuka, akaanza sahani moja baada ya nyingine, anachota, anatia mdomoni, anasimama hapo hapo kumwangalia mwenye sahani usoni. Akachota mpaka kwenye sahani ya padre mgeni. Katekista Onesphore akamshika mkono kwa upole, Mama akamchapa kwa kijiko.

Watoto wa kijiji wanamwita Bibi Kijiko. Wakubwa wanasema ni ulafi wa uzee. Mimi ni mtoto wake na nimeona aibu mpaka nikatamani ardhi inimeze. Nakuomba umchukue hapo kwako mpaka harusi ipite. Miezi mitatu tu, dada. Tangu baba afariki nimemtunza peke yangu na sijawahi kukuomba kitu.

Mdogo wako, Siméon.


Kibaoni, 30 Juni 2024

Mdogo wangu Siméon,

Milele amina. Barua yako nimeipata kwa mkono wa Onesphore alipokuja semina, naye nampa hii. Hongera sana kwa Monika, nimelia kwa furaha. Celestin yupo, kidonda cha mguuni kinapona na kurudi, kinapona na kurudi. Mpunga umevunwa, soko limechangamka, vitenge vinatoka. Nimetuma doti moja ya Mama, ile ya rangi ya maji, mwambie avae siku ya harusi.

Kumchukua Mama sitaweza. Nyumba ni ndogo, mgonjwa ninaye, na mimi kutwa nipo sokoni. Nani atamwangalia?

Kuhusu kuonja, mwacheni tu. Uzee una mambo yake. Kijiko kimoja cha wali hakimpunguzii mtu shibe. Waambie watu ndivyo alivyo, watazoea.

Msalimie Joséline na watoto. Mwambie Mama namkumbuka.

Dada yako, Séverine.


Mwese, 4 Agosti 2024

Dada,

Salamu zako zimefika na doti imefika. Mama aliinusa, akaikunja, akailalia kama mto. Tumepata mbuzi wawili wapya na ukuta wa jiko umeanguka. Mengine mazima.

Unasema tumwache. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, dada.

Wakwe walikuja tarehe 20 Julai kuleta mahari. Joséline aliamka mapema, akapika wali, kuku, maharage ya nazi aliyoagiza Mpanda, kila kitu. Mzee wa upande ule amenawa, ameomba baraka, anainua mkono, Mama huyo hapo na kijiko chake. Akachota kwenye sahani ya mzee. Akasimama akimwangalia kooni. Yule mzee akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bwana Siméon, huyu bibi anaonja kwa sababu gani? Kuna kitu humu ndani tunapaswa kujua?" Nikamwambia ni desturi ya zamani ya kwetu, mwenye nyumba anasogongera, yaani anaonja kwanza, pombe mbele ya mgeni ili mgeni anywe kwa amani. Akasema desturi hiyo anaijua, lakini aliyepika ni mwingine na anayeonja ni mwingine. Akala matonge matatu, akasukuma sahani.

Umeelewa hapo? Wanasema Mama mkwe anaonja kwa sababu anamwogopa mke wangu. Joséline, aliyemwogesha Mama miaka sita na kumbeba mgongoni kwenda zahanati! Wanawake wenzake wa jumuiya walikuwa wakikutana kwetu kila Alhamisi na kunywa chai. Alhamisi ya juzi walikuja na chupa zao za chai. Joséline aliosha vikombe vyake ambavyo hakuna aliyevitumia, akavirudisha kabatini. Nilimkuta analia nyuma ya zizi.

Jina la sumu likimwingia mwanamke huku milimani haliondoki kwa sabuni. Wewe unajua, uliona yaliyompata Mama Abednego tulipokuwa wadogo. Nataka mke wangu asifikie huko.

Na Vénérande ameanza kumwiga. Jana alichota sahani ya kaka yake na akangoja, hivyo hivyo. Nilipomkaripia akasema, "Bibi kaniambia nisipoonja watakufa."

Nakuuliza mara moja, dada. Kuna kitu unakijua kuhusu tabia hii? Maana siku ya harusi nitamweka chumbani mpaka watu wamalize kula. Nimeshaamua.

Siméon.


Kibaoni, 25 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Nawasalimu wote. Celestin amelazwa siku nne, sasa yupo nyumbani.

Mpe pole Joséline, mwambie mimi najua mikono yake ni misafi. Naomba usimfungie Mama. Kama ni lazima, akae naye mtu, na kabla chakula hakijatoka jikoni mwache aonje kwenye masufuria, watu wasimwone. Atatulia. Ukimfungia itakuwa vibaya.

Unaniuliza kama najua kitu. Nitakuja harusini, tutaongea nikiwa hapo. Mambo mengine hayaandikiki.

Séverine.


Mwese, 6 Oktoba 2024

Dada Séverine,

Tumsifu Yesu Kristo. Monika ameolewa. Misa ilikuwa nzuri, kwaya iliimba mpaka wazee wakacheza, watu mia mbili na zaidi wamekula wakabakiza. Kiti chako kilikaa na kanga juu yake mpaka jioni. Kwenye simu ulisema mguu wa shemeji. Sawa. Miaka yote ni mguu wa shemeji, ni mpunga, ni soko. Mara ya mwisho kukanyaga hapa ilikuwa msiba wa baba, na siku ile uliondoka kabla ya chakula.

Mama nilimfungia. Ushauri wako wa masufuria nilimwambia Joséline, akaniangalia tu, akasema, "Nyie mnataka aonje jikoni kwangu mbele ya wapishi wote wa jumuiya?" Kwa hiyo nilimpeleka Mama chumba cha mahindi, nikaweka mkeka, sahani yake ya pilau, maji, nikafunga kwa nje. Alipiga mlango tangu watu walipoanza kunawa mpaka walipomaliza. Tuliongeza muziki. Nilipofungua, kiganja cha kulia kimevimba kama andazi na sahani haijaguswa.

Aliniuliza kwa utulivu kabisa, "Nani ameonja?"

Nikamwambia hakuna aliyeonja, Mama, watu wamekula, wameshiba, wamekwenda makwao. Akakaa chini.

Kesho yake akaniuliza, "Monika mmemzika wapi?"

Nikamwambia Monika ameolewa, yupo Mpanda kwa mumewe. Akaniangalia kama mtu anayemsikiliza mtoto muongo. Tangu siku ile ni wiki tatu, chakula hataki. Anachukua kijiko kimoja cha uji, anangoja, kisha anageukia ukutani. Mganga wa zahanati alimtundikia maji, akasema ni uzee. Joséline anasema anadeka kwa sababu tulimfungia, ataacha. Mimi sijui. Amepungua mpaka pete imemtoka kidoleni.

Mtandao haufiki chumbani kwake na kichuguuni hakubali kubebwa. Monika kwa sasa haachiliwi, ndio kwanza bibi harusi. Kama una neno lolote la kutusaidia, liandike sasa.

Siméon.


Kibaoni, 20 Oktoba 2024

Siméon mdogo wangu,

Leo sitauliza habari za maharage. Onesphore yupo Mpanda, amesema anapanda Mwese keshokutwa, ndio maana namtumia yeye barua hii kwa basi. Ukiipata, kabla hujaimaliza kuisoma, tuma mtu amlete Monika. Mama amwone anakula. Amwone kwa macho. Halafu mpelekee Mama sahani za watoto wote azionje, na mtakaa naye mpaka aridhike, na atakula. Nakuambia atakula.

Sasa sababu.

Mwaka ule wa njaa nilikuwa na miaka kumi na tatu, wewe minane, mdogo wetu Candide minne. Baba alikuwa Mpanda akitafuta kazi. Mama alikuwa akitoka alfajiri kwenda kulima kibarua ili tupate chochote. Ndani kulikuwa na mbegu za mahindi za kupanda, zile zilizopakwa dawa nyekundu, Mama alizining'iniza juu darini na akasema zisiguswe. Siku hiyo wewe ulikuwa machungani na mbuzi. Candide alikuwa analia njaa tangu asubuhi. Mama Abednego, yule mjane jirani yetu, alimpa kiazi cha kuchoma, akala, akaendelea kulia.

Nilizishusha mbegu. Niliziosha maji matatu, mpaka maji yakatoka meupe. Nikaona zimetakata. Nikazitwanga, nikapika uji mzito. Candide alikuwa amening'inia kwenye gauni langu, nikampa bado wa moto, nikimpulizia. Nilimpa kabla sijaonja, Siméon. Kwetu apikaye anaonja kwanza, kila mtoto anajua. Ningeonja ningesikia uchungu wa dawa, ningemwaga. Nilimpa kwa sababu nilichoka kusikia kilio.

Mama alirudi akamkuta anatapika na macho yamepinduka. Aliona sufuria. Hakunipiga. Alimwaga uji chooni, akasugua sufuria kwa mchanga, akaniambia, "Leo hukupika kitu. Ulikuwa umelala." Kisha akambeba Candide mgongoni kwenda zahanati, mtoto akafia njiani jua likizama.

Watu walipouliza mtoto alikula nini, Mama alisema alikula kiazi kwa Mama Abednego. Ilikuwa kweli. Alisema hayo tu, mengine watu walijisemea wenyewe. Unayajua yaliyofuata, ulikuwepo.

Tangu siku hiyo Mama anaonja. Hakuwa akiogopa kuuawa, wala hakumshuku Joséline hata siku moja. Anatangulia yeye ili kama kuna kitu kimwanze yeye. Alipokuwa na nguvu alijizuia mbele za watu. Sasa nguvu ya kujizuia imekwisha, kilichobaki ni hofu. Na mimi sipiki. Nyie mnacheka na mimi nacheka nanyi, lakini nikishika mwiko mkono unatetemeka. Sikumchukua Mama kwa sababu angeonja chakula changu kila siku, na kila siku ningemwona ananiangalia.

Kuna jambo jingine. Mama Abednego alihamia Kasansa, karibu na hapa kwangu. Amekufa miaka tisa iliyopita. Mwanawe Abednego ananunua vitenge kwangu, ananiita dada. Nilikwenda msibani kwa mama yake, nikakaa na wafiwa, nikala ubwabwa wao. Sikusema.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nimeficha karibu miaka arobaini na nimemwacha mke wako abebe jina ambalo ni langu. Nisamehe kama unaweza. Lakini kwanza mlete Monika.

Séverine.


Mwese, 1 Desemba 2024

Dada,

Barua hii nampa dereva wa basi mkononi mwake, si Onesphore.

Onesphore hakupanda keshokutwa. Alishikwa na ngiri pale Mpanda, akapasuliwa, akakaa kwa shemeji yake mpaka akapona. Barua yako ilikuwa ndani ya kitabu chake cha misa wiki tano na nusu. Alinikabidhi tarehe 29 Novemba, akiwa na furaha ya mtu aliyeleta zawadi. Mama alikuwa na siku kumi na saba kaburini.

Nilipokupigia kutoka kichuguuni kukuambia amefariki, ulilia, kisha ukaniuliza, "Barua imefika?" Nikawaza, huyu mwanamke ana moyo wa namna gani, mama yake amekufa anauliza barua. Nikakata simu. Mvua ilikuwa imebomoa daraja na hakuna gari lililopanda wala kushuka siku nne, Monika tu ndiye aliyefika, alitembea na mumewe kuanzia mtoni. Aliingia ndani miguu imejaa matope, akapiga magoti mbele ya jeneza, na mimi nikamsikia Joséline akisema kwa sauti, "Bibi, si huyu hapa, si huyu hapa sasa." Ningemleta mwezi mmoja kabla kwa pikipiki. Ilikuwa mwendo wa asubuhi moja.

Wiki ya mwisho alikuwa anaita majina. Alikuwa anatuhesabu. Alinitaja mimi, akakutaja wewe, akafika kwa Candide, anarudi mwanzo. Nilidhani ni homa.

Baada ya maziko chakula kilipotoka, Vénérande alifungua pindo la kitenge cha bibi yake, akatoa kile kijiko, akaanza kwenda sahani kwa sahani, anachota, anangoja. Watu wakaacha kula. Nilimvuta nje nikamchapa mbele yao wote. Alilia akisema, "Bibi hayupo, nani ataonja?" Nikamchapa tena. Hilo nalo sijui nitalipeleka wapi.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nimemsomea Joséline. Alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaenda kuosha vikombe vyake vyote vya chai, vile vile vilivyo safi.

Sijui kama nimekusamehe, sitaki kudanganya. Ulikuwa mtoto na njaa ilikuwa njaa. Uji ule nimekusamehe tangu nilipofika mstari ule ule. Ni Juni ndiyo inayonichoma. Juni nilikuomba, Agosti nikakuuliza, na ulikuwa na neno moja la kumwokoa mama yetu na mke wangu, ukanitumia doti ya kitenge. Na mimi pia mikono yangu si misafi. Siku ile nyumba ya Mama Abednego ilipochomwa, watoto tulifuata wakubwa. Nilibeba mwenge wa nyasi. Nilikuwa na miaka minane na nilijivuna kwamba nimepewa wa kwangu.

Arobaini ya Mama ni Jumamosi tarehe 21. Utafanya hivi. Kwanza nenda Kasansa, kaa chini mbele ya Abednego, umwambie yote, na ya mwenge wangu umwambie. Akikufukuza, umefukuzwa. Akikubali, mje wote. Onesphore nimeshamweleza, atakupa nafasi ya kusema baada ya misa, na utasema ukiwa umesimama, kwa sauti, Joséline akiwa ameketi mbele.

Kisha utaingia jikoni. Joséline hatagusa kitu, wala wanawake wa jumuiya. Utapika wewe, mbele ya macho ya watu, mkono utetemeke usitetemeke. Najua hakuna atakayeinua tonge. Kijiko cha Mama ninacho mimi. Nitaonja wa kwanza, na wote watanisubiri, na wewe utakaa karibu yangu tusubiri.

Mdogo wako, Siméon.